Sauti ishike kalamu yenyewe

Kuna zile video za nyimbo za zamani huko YouTube, mtu kaweka picha ya waridi au ya bahari jioni, afu chini yake kuna vijiti vya kijani vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, wimbo mzima mpaka unaisha. Sizichukii, enzi za intaneti kafe ile programu ya kupigia muziki, Winamp, ilikuwa na michoro yake ya kuzungukazunguka na sisi tulikuwa tunaikodolea macho badala ya kufanya kilichotupeleka, hela ya nusu saa inakwenda hivihivi. Ila fanya hivi: zima sauti ya hiyo video, mwite mtu aliye karibu, muulize anayeimba ni mwanamke au mwanaume, kuna fidla humo ndani au hamna, ngoma ni moja au tatu. Hana cha kukujibu. Vile vijiti vimeichukua sauti vikaisaga ikabaki kelele kubwa na kelele ndogo, basi, na ukiweka wimbo mwingine vitacheza vilevile.

Nina kiu ya kuuona muziki kwa muda mrefu sasa, na kipimo changu ni hichohicho, nani kashika kalamu, sauti yenyewe au mtu aliyetengeneza urembo akaupa ruhusa ya kucheza? Nimejaribu vitu vingi nyumbani, vingine vya bei rahisi kabisa, vingine vya kukaa na laptopu mpaka bando linakata, na katikati ya hayo nimesoma habari za watu waliohangaika na jambo hili miaka mia mbili na zaidi kabla yangu, kwa hiyo leo namwaga yote hapa, mtanivumilia.

Tuanze na chumvi, maana kila mtu anaanza na chumvi.

Unachukua spika iliyotolewa kwenye sabufa mbovu. Fundi bati anakukatia kipande cha aluminiamu cha mraba, unatoboa katikati, unapitisha bolti, na chini ya ile bolti unagundisha kifuniko cha chupa ya maji kwenye koni ya spika, ili spika ikitetema bati nalo litetemeke kutokea katikati. Ongeza amplifaya ndogo na simu yenye programu ya kutoa toni moja moja. Nyunyiza chumvi juu. Afu unaanza kupandisha toni taratibu, 100 Hz (yaani mitetemo mia kwa sekunde), 120, 150, na mara nyingi hakitokei kitu, chumvi inarukaruka tu bila mpango na nyingine inamwagika chini, unaanza kujiuliza kama umepoteza jioni yako, mpaka unagusa namba fulani bati linalia ghafla na chumvi yote inaanza kukimbia kama siafu, inatoka huku inaenda kule, na ndani ya sekunde mbili tatu una nyota, au duara lenye msalaba, limenyooka kuliko ambavyo mkono wangu ungeweza kulichora. Ongeza kidogo tu, linavunjika. Panda juu zaidi linakuja lingine lenye mistari mingi na myembamba zaidi. Kadiri toni inavyokuwa ya juu ndo mchoro unavyozidi kuwa wa nakshi.

Kinachotokea ni kwamba bati halitetemi lote sawasawa. Kuna sehemu zinapanda na kushuka kwa nguvu na kuna sehemu zimetulia tuli, chumvi inatupwa kutoka kwenye fujo mpaka inapopata pa kutua. Kwa hiyo ile mistari mizuri unayoiona ndo sehemu ambazo bati limekaa kimya.

Mzee wa haya mambo ni Mjerumani mmoja, Ernst Chladni. Mwaka 1787 alitoa kitabu chenye michoro hii, na hakuwa na spika wala simu, alikuwa na sahani ya shaba, mchanga, na upinde wa fidla anaoupitisha pembeni ya sahani huku kidole kimegusa mahali fulani ili kuchagua mchoro gani utoke. Kabla yake, mwaka 1680, Robert Hooke wa Uingereza alikuwa ameshafanya kitu cha aina hiyo kwa unga juu ya kioo. Lakini Chladni ndo aliyezunguka nayo miji ya Ulaya akionyesha watu, mpaka 1809 akafika mbele ya Napoleon kule Paris, na Napoleon akavutiwa kiasi cha kuweka zawadi ya faranga 3,000 kwa atakayeweza kueleza kwa hesabu kwa nini mchanga unajipanga vile. Aliyekuja kuichukua zawadi, mwaka 1816, ni Sophie Germain, mwanamke aliyejifundisha hesabu mwenyewe maana chuo kikubwa cha Paris wakati ule hakikupokea wanawake. Alipeleka majibu mara tatu. Mbili za kwanza hazikupata zawadi.

Sasa mama mdogo wangu, mtu wa Tanga huyo, ameimba kwenye vikundi vya taarab tangu mi sijazaliwa, aliingia nikiwa nimeinamia bati.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. We mwanangu, chumvi yote hiyo unaimwaga chini, umegombana na nani?”

Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti akaangalia kama mtu anayeangalia mpira wa timu asiyoishabikia. Afu akasema, “Jaribu sembe basi, chumvi inauzwa.” Sembe nayo inauzwa lakini sikubishana. Nikajaribu sembe, haikukaa vizuri, nikachukua poda ya mtoto, na hapo ndo nikaona kitu cha ajabu kuliko chochote cha siku ile: poda ilifanya kinyume. Chumvi ilikimbilia kwenye mistari iliyotulia, poda ikajikusanya vilima vidogo vidogo palepale penye mtetemo mkali, na vile vilima vikawa vinachemka juu kwa juu vyenyewe. Nikidhani bati limelegea, kumbe ni jambo linalojulikana, Michael Faraday alilieleza mwaka 1831: bati likitetema linatengeneza vijiupepo vidogo juu yake, na vumbi jepesi linabebwa na huo upepo kwenda penye fujo, wakati punje nzito haibebeki. Ukichanganya chumvi na poda iliyotiwa rangi ya chakula, yenyewe inajitenga, huku nyeupe huku nyekundu. Hiyo picha nimeiprinti, ipo ukutani, ndo ninayoipenda mpaka leo.

Ila ngoja niwaambie ukweli wa bati, maana huko mitandaoni watu wanapigwa sana. Ukiweka wimbo, wimbo wa kweli wenye mwimbaji na ngoma na besi, hupati nyota wala msalaba. Unapata vurugu. Bati lina toni zake chache linazozikubali, hizo zikipita linaitikia, zingine zote linazipuuza, na muziki unabadilika haraka kuliko chumvi inavyoweza kukimbia. Tena toni ileile ukiiweka kwenye bati la duara unapata mchoro mwingine kabisa, ukibadilisha unene wa bati unapata mwingine. Kwa hiyo anayekwambia kwamba neno fulani takatifu au toni fulani lina umbo lake maalumu limejificha ndani yake, muulize, kwenye bati lipi? Na hizi habari za 432 Hz kuwa toni ya uponyaji na 440 kuwa ya shetani, jamani, Hz ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde, na sekunde ni kipimo walichojipangia binadamu, na hiyo 440 ilikubaliwa kwenye mkutano London mwaka 1939 ili mafundi wa ala wapate mahali pamoja pa kuanzia. Hamna shetani hapo.

Mswisi Hans Jenny, ambaye wengi wa hao watu wa uponyaji wanamtaja, alifanya kazi nzuri sana ya picha na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1967, yeye alitumia vimiminika, poda, uji mzito, na picha zake ni za kushangaza kweli. Angalia picha, waliyoyaongeza wengine baadaye waachie wenyewe.

Kwa hiyo kwa kipimo changu bati limefaulu nusu. Kalamu kaishika sauti, ni kweli, lakini bati limeishika pamoja naye, na mara nyingi bati ndo lina nguvu zaidi.

Kopo ni hadithi nyingine. Kopo la maziwa ya unga, unakata chini na juu likawa bomba, upande mmoja unavalisha puto lililokatwa, unalivuta likaze vizuri, unafunga na rababendi. Katikati ya puto, pembeni kidogo, unagundisha kipande cha kioo kidogo, vile vioo vya kushonea nguo vinafaa. Leza ya kalamu unaifunga ielekee kwenye kile kioo, na mwanga unaoruka unagonga ukutani. Zima taa. Ongea ndani ya kopo. Ile nukta nyekundu inakuwa duara, yai, kitanzi ndani ya kitanzi, kulingana na unachotoa mdomoni. Angalizo la maana: leza isimpige mtu machoni, hata ile iliyoruka kwenye kioo, kwa hiyo funga vitu vyote visicheze kabla hujaiwasha na watoto wakae nyuma ya leza.

Mi nikiimba hapo natoa kitu kama viazi. Mama mdogo alipoambiwa aimbe alikataa kwanza, akasema haimbi kwenye kopo. Afu taa zikiwa zimezimwa akajikohoza, akashusha “aaa” moja ndefu, ile ya kufungulia wimbo kabla fidla hazijaingia. Ukutani kikatokea kitanzi chenye mapindo, na alipoanza kuitikisa sauti kile kitanzi kikaanza kupumua, kinavimba na kusinyaa kwa mwendo uleule wa koo lake, na alipohama kutoka “aaa” kwenda “iii” bila kubadilisha toni kikabadilika umbo papo hapo kikaota vitanzi vingine ndani. Alinyamaza. Akasema, “Rudia kuwasha, nimeona kitu.” Akajaribu tena, sasa anaangalia ukuta na kuirekebisha sauti mpaka kile kitanzi kisimame kisitetereke. Nilikuwa nimekaa na mwanamke wa miaka sitini na zaidi anafanya mazoezi ya sauti kwa kutumia kopo la maziwa.

Hakuna jipya chini ya jua lakini. Margaret Watts Hughes, mwimbaji wa Wales, mwaka 1885 alitengeneza chombo chake akakiita eidofoni, bomba la kuimbia ambalo mwisho wake una utando wa mpira, juu ya utando anaweka mchanga au poda au rangi iliyokorogwa. Alianza akitaka tu kupima nguvu za sauti yake, akakuta poda inatengeneza maua. Akaendelea, akaweka kioo juu ya rangi iliyolowa wakati anaimba, na sauti ikaacha alama kwenye kioo, maumbo ya maua na majani ya miti, na baadhi ya vile vioo vipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Cyfarthfa kule Merthyr Tydfil, eneo alikozaliwa. Toni akiishika vizuri ua linatoka sawa, akitetereka petali zinavunjika. Mimi huyu mama namuweka juu ya Jenny na wenzake wote, kwa sababu alikuwa mwimbaji, alijua sauti kutokea ndani.

Mwanga na kioo navyo vina mwenyewe, Mfaransa Jules Antoine Lissajous, mwaka 1857. Yeye alifunga vioo kwenye uma mbili za kupimia toni, mmoja unatetema kwa wima na mwingine kwa ulalo, akapitisha mwanga kwenye kimoja ukarukia kingine kisha ukutani. Uma mbili zikiwa toni moja unapata mstari au duara. Moja ikiwa mara mbili ya mwenzake, ile tunayosema sauti ileile ila ya juu, unapata namba nane. Uwiano wa tatu kwa mbili, unapata fundo zuri zaidi. Na zikiwa zimeachana kidogo tu, kiasi ambacho sikio la kawaida halisikii, mchoro haukai, unajizungusha polepole. Macho yanasikia kuliko masikio hapo.

Siku hizi hiyo unaifanya kwenye laptopu, kuna programu za bure za kuigiza osiloskopu, kile chombo cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini, spika ya kushoto inaisukuma nukta kushoto na kulia, spika ya kulia inaipandisha na kuishusha. Nikaweka nyimbo zangu za zamani za dansi kwa furaha nyingi na zote zikanipa kitu kimoja: mstari ulioinama. Wimbo baada ya wimbo, mstari ulioinama. Ni kwa sababu zimerekodiwa mono, kushoto na kulia ni sauti ileile, nukta haina namna ila kwenda kwenye mshazari. Basi sasa nina njia ya kujua kama mtu kaniuzia “stereo orijino” au kadanganya.

Kuna Mwaustria, Jerobeam Fenderson, alitoa albamu mwaka 2016 iliyotungwa mahususi kwa ajili ya osiloskopu, sauti zenyewe zinachora uyoga na maumbo mengine kwenye skrini. Ufundi wa hali ya juu, nimeiangalia mara nyingi. Lakini unaona kilichotokea? Picha ndo imeanza, sauti imelazimishwa iifuate, na ukifumba macho sehemu nyingine inasikika kama nyuki kwenye bati. Kalamu imeshikwa na mchoraji. Upande wa pili ninaoukubali kabisa ni Norman McLaren wa Kanada, filamu yake ya 1971, Synchromy, ile milia ya rangi unayoiona kwenye skrini ndo ileile iliyopigwa chapa pembeni ya mkanda ambapo mashine inasoma sauti. Unachokiona ndicho unachokisikia, kwa maana ya moja kwa moja, sio kwa maana ya tangazo la redio.

Na mtu aliyesema hayo zamani kabla yao ni mpiga chapa wa Paris, Édouard-Léon Scott de Martinville. Mwaka 1857 alipata hataza ya chombo chake, pembe ya kukusanya sauti, utando, unywele mgumu wa nguruwe umegandishwa kwenye utando, na karatasi iliyopakwa masizi ya taa ya mafuta inazunguka. Ukiongea, unywele unakwaruza masizi, sauti inaandika. Hakuwa na wazo la kuisikiliza tena, hilo la kusikiliza lilikuja na Edison miaka ishirini baadaye, 1877. Yeye alitaka sauti ijiandike yenyewe kwenye karatasi na watu waisome. Tarehe 9 Aprili 1860 alirekodi kipande cha wimbo wa watoto wa Kifaransa, na mwaka 2008 watafiti Marekani wakaiskani ile karatasi ya masizi wakaigeuza kuwa sauti, ikasikika. Kwanza wakadhani ni sauti ya binti, kumbe walikuwa wanaizungusha haraka mno, walipoipunguza kasi ikatoka sauti ya mwanaume anayeimba polepole, inaelekea ni Scott mwenyewe.

Haya, sasa spektrogramu, ambayo ndo nimeishia kuishi nayo.

Ni mchoro wa kawaida kabisa, kushoto kwenda kulia ni muda, chini ni besi, juu ni sauti nyembamba, na penye mwanga ndo penye nguvu. Programu ya Audacity inatoa bure, unabonyeza jina la wimbo unachagua spektrogramu, kwisha. Pigo la ngoma linakuwa mstari wa wima, ghafla, kutoka chini mpaka juu. Filimbi inakuwa mistari ya ulalo. Sauti ya mtu ni mistari mingi iliyopangana, mmoja juu ya mwingine, inayopanda na kushuka pamoja, na mwimbaji wa taarab akitikisa sauti yote inapinda mawimbi kwa pamoja, yaani unaona kabisa hapa kavuta pumzi, hapa kateleza kutoka toni hii kwenda ile, hapa fidla imemfuata ikachelewa kidogo. Singeli ni ukuta. Wima, wima, wima, mpaka skrini inajaa hakuna pa kupumua, na MC yupo katikati anapenya kama anaweza.

Lakini hapa pia kuna uamuzi, na uamuzi ni wako. Programu inakata sauti vipande vidogo ndo inavipima. Kwa sauti ya kawaida yenye sampuli, yaani vipimo, 44,100 kwa sekunde, ukichagua kipande cha sampuli 2,048 ni kama milisekunde 46, ngoma inatoka kali imekatwa kwa wembe ila toni zinakuwa nene zimevimba. Ukichagua 8,192 ni milisekunde 186 hivi, sauti ya mwimbaji inakuwa uzi mwembamba wa kupendeza lakini ngoma imegeuka ukungu. Huwezi kupata vyote viwili, si kwamba programu ni mbovu, ndo sauti ilivyo: kujua toni kwa uhakika lazima uisikilize kwa muda. Mi nafanya mara mbili, kipande kifupi kwa ngoma, kirefu kwa sauti, afu naweka moja juu ya nyingine.

Muziki wa Wagogo ndo uliniacha mdomo wazi. Hukwe Zawose, aliyezaliwa 1938 kule Dodoma akafariki 2003, ukiweka ilimba yake, ile ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, unaona kila pigo lina kichwa kikali na mkia unaofifia, na juu yake kuna ukungu wa mchakacho, ule mtetemo wa utando uliozibwa kwenye tundu la ala makusudi ili ilie hivyo. Na kwaya zao, watafiti wa muziki walishasema zamani kwamba Wagogo wanapanga sauti zao kwa kufuata ngazi ya asili ya toni, zile toni ndogo zinazokuwa ndani ya kila toni. Kwenye skrini unaliona bila kusoma kitabu: mistari ya mwimbaji mmoja inatua juu ya mistari ya mwingine, haigongani, picha inakuwa safi kuliko ya kwaya yenye watu wachache zaidi. Nikaweka pembeni kipande cha Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na pale unaona mambo mawili, sauti yake inapanda juu na kucheza, na juu kabisa ya picha hakuna kitu, ukungu wa kukwaruza tu, maana mitambo ya wakati ule haikufika huko. Miaka ya nyuma imeacha dari lake kwenye picha.

Rangi sasa. Hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa, na sio leo. Newton alipoigawa rangi ya upinde wa mvua mara saba alikuwa na noti saba za muziki kichwani. Padri mmoja wa Ufaransa, Castel, kuanzia 1725 alihangaika na wazo la kinanda cha kutoa rangi. Scriabin, mtunzi wa Kirusi, kwenye muziki wake wa Prometheus wa 1910 aliandika kabisa sehemu ya mwanga kwenye karatasi ya noti, na New York mwaka 1915 wakaipiga na taa za rangi. Yeye alisema noti ya C ni nyekundu. Rimsky-Korsakov, Mrusi mwenzake naye mwanamuziki mkubwa, akasema C ni nyeupe. D walikubaliana njano. Na hakuna wa kuwaamua, kwa sababu sikio la binadamu linasikia kutoka 20 Hz mpaka 20,000, ukihesabu kwa kuzidisha mara mbili mara mbili ni ngazi kumi hivi, wakati jicho linaona ngazi moja tu ya mwanga na hata hiyo haijatimia vizuri. Huwezi kuvalisha ngazi kumi ndani ya moja bila mtu kukaa akaamua mwenyewe. Kwa hiyo kwenye rangi nimeacha kujidanganya kwamba ni sauti inayochagua, nachagua mimi, na nachagua nyeusi, nyekundu na nyeupe kwa sababu nazipenda na kwa sababu nilikuwa na kanga kichwani.

Maana huko ndo nilikofikia. Kanga ina pindo na ina mji. Pindo linajirudia pande zote, mji ndo katikati, na maneno yake, yaani jina, yanakaa upande wa chini wa mji. Nikafikiria, pindo liwe ngoma, kwa sababu ngoma nayo inajirudia, na mji uwe sauti. Urefu wa kanga ni kama mita moja na nusu, ukitoa sentimita kumi kwa kila sekunde unapata sekunde kumi na tano za wimbo, bila kutoa pindo, na taarab inaweza kwenda dakika kumi na zaidi, kwa hiyo lazima uchague pumzi moja tu. Nikachagua pumzi moja ya mama mdogo, ule mstari mmoja anaounyanyua juu mpaka mwisho wa ukumbi wanainuka kwenda kumtunza. Nikaiprinti spektrogramu nyeusi na nyeupe, nikaihamisha kwenye kitambaa kwa penseli, nta, rangi, chemsha kutoa nta, anika. Kazi ya batiki wenyewe mnaijua, migongo inauma. Nta ilipasuka kama kawaida yake na rangi ikapenya kwenye nyufa, na mimi nikaziacha, zinafanana na ule ukungu wa santuri.

Nikampelekea. Akaitandaza kitandani, akaigeuza, akaishika mapindo.

“Nzuri. Jina lake?”

Nikamwambia jina lipo, ndo hilo hapo katikati, ni wewe unaimba.

“Nani atalisoma?”

“Si unaliona mama, hapa unapanda, hapa umetikisa, hapa umekata pumzi.”

Akafuata mstari kwa kidole, kimya, midomo inacheza. Alipofika karibu na mwisho kidole kikasimama. “Hapa nimeshuka,” akasema. Na kweli, nilikwenda kuangalia kwenye laptopu, mwishoni kabisa toni ilikuwa imelegea kidogo, na sikuwahi kuisikia. Ameichukua lakini amesema nyingine nimwandikie jina la kusomeka, hawezi kumpelekea mtu kanga bubu harusini.

Nimefikiria sana juu ya hilo. Mchoraji wa Kirusi, Kandinsky, mwaka 1911 alikwenda kwenye onyesho la muziki wa Schoenberg kule Munich akarudi akachora, njano limetapakaa nusu ya picha na piano jeusi juu yake, na hapo hakuna sauti iliyoshika kitu, ni mtu na kumbukumbu yake, na kwa kipimo changu cha mwanzoni picha ile ingefeli mtihani wote. Sasa sina uhakika kama nautaka ule mtihani uwe mkali hivyo. Ila bado, nikiwa na chaguo, nitachukua ile ambayo mama mdogo anaweza kuisoma kwa kidole akajua aliposhuka.

Kwa sasa natafuta TV ya chogo. Mbili, sio moja. Nataka muziki usukume ule mwanga wa ndani ya kioo moja kwa moja kupitia koili zilizo shingoni mwa kioo, sio programu ya kuigiza. Nilikwenda kwa fundi mmoja mtaani, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Bosi, hii kitu hata ukichomoa kwenye umeme inakurusha, humo ndani kuna volti elfu ishirini na kitu.” Tumekubaliana afungue yeye, mimi nisimame mbali na amplifaya yangu. Anasema koili ya TV yenyewe tunaivua tu shingoni, nyaya zake tusiziguse maana ukizichomoa TV inazima, tunatoa koili ya TV ya pili tunaivalisha shingoni mwa ya kwanza, na wimbo usikatike ghafla, maana mwanga ukitulia sehemu moja unakiunguza kioo. Kwa hiyo kama una chogo stoo, ya rangi au isiyo na rangi, mradi moja iwake na nyingine iwe nzima shingoni, nakuja kuichukua mwenyewe, tuelewane bei tu, kuna jamaa kanitajia hela ya flati skrini mpya na akaniambia usafiri juu yangu.